Kocha kumwambia bosi haitoshi

Mhariri, naomba kanafasi. Bado kuna watu wanamtetea Joe Paterno, yule kocha wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha Penn State kule Marekani, eti alitimiza wajibu wake maana alipeleka taarifa kwa wakubwa, mimi hapo nakataa kabisa. Mwaka 2001 kijana msaidizi wa timu alimfuata nyumbani asubuhi akamwambia alichokiona usiku kwenye bafu la wachezaji, Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa Paterno, yuko na mtoto wa kiume anamfanyia mambo ya ngono. Sandusky alishastaafu lakini funguo za jengo bado anazo! Paterno akamwambia mkurugenzi wa michezo, ikaishia hukohuko juu, polisi hawakuitwa na yule mtoto hakuna aliyehangaika kumtafuta hata kujua anaitwa nani. Hapo ndo panaponiuma.

Sandusky amekuja kukamatwa 2011, miaka kumi baadae, na 2012 akakutwa na hatia kwenye makosa 45 ya kudhalilisha watoto kingono. Kwenye miaka hiyo watoto wengine waliumizwa jamani, na kocha mwenye jina kubwa vile angepiga simu moja tu polisi nani angempuuza?

Sheria yao wakati ule ilimruhusu mfanyakazi anayeshuku mtoto anadhalilishwa amwambie mkuu wake basi. Walikuja kuibadilisha, kuanzia mwisho wa 2014 kwenye jimbo la Pennsylvania, kilipo chuo hicho, anayetakiwa kuripoti anaripoti mwenyewe moja kwa moja serikalini, ndo anamjulisha bosi baada ya hapo. Vyuo vyote viweke hivyohivyo kwenye mkataba wa kila kocha, kabla hajakabidhiwa timu.

Msomaji wenu