YAH: BREKI ZA TELA LA BOTI MLILONIUZIA

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa Kibirizi, Kigoma. Nilinunua kwenu tela jipya la boti, lile ambalo breki zake hujibana zenyewe gari linapopunguza mwendo na tela kulisukuma kwa nyuma. Hazikumaliza wiki tatu, gurudumu la kushoto likaanza kupata moto. Safari ya nne, nikiteremka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, nikasikia harufu ya kuungua. Nilipokanyaga breki, tela halikushika. Lilinisukuma, nikapita hatua mbili tu kutoka kwa mama aliyejitwika beseni la dagaa.

Fundi wenu alinijibu kwa simu kwamba nimeliharibu mwenyewe kwa kuliingiza ziwani. Tela la boti lisipoingia majini, boti inashukaje? Na maji ya Tanganyika hayana chumvi. Kisha akaniambia nizibe mrija wa oili ya breki nitembee bila breki. Hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe, maana mteremko ule una watu kutwa nzima.

Basi nimetafuta chanzo mwenyewe na fundi wa hapa mtaani. Tulipiga jeki: gurudumu la kulia lilizunguka kwa kusukumwa na kidole, la kushoto halikutikisika. Ingekuwa ni kutu ya dramu (bakuli la chuma ambalo breki hulibana) au springi zilizokwama, kulegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye breki ya gurudumu hilo kusingesaidia kitu. Tulipoilegeza robo mzunguko tu, oili ilichomoka kwa nguvu na gurudumu likaachia papo hapo. Yaani presha ilikuwa imenaswa humo. Na kama masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma oili ya breki, ndiyo isiyorudi, magurudumu yote mawili yangekamata. Ukabaki mpira wa breki wa kushoto, yaani mrija laini unaopeleka oili kwenye gurudumu hilo. Tuliung'oa, tukaupima kwa pampu ya baiskeli: upepo unapita kwenda kwenye gurudumu, kurudi haupiti. Tukaupasua kwa wembe, tukakuta ngozi ya ndani imebanduka na kulala kama ulimi. Mpira wa wiki tatu!

Oili nayo ilitoka nyeusi kama chai ya rangi, na kifuniko chake sijawahi kukifungua. Kopo linalotakiwa ni la oili ya breki ya daraja la DOT 3, ambayo ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Ikishanywa maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Gurudumu linaloburuta breki njia nzima hufika huko kwa urahisi, na oili ikichemka breki hakuna. Ndicho kilichonikuta mteremkoni.

Naomba mipira yote miwili ibadilishwe, mnirudishie gharama za beringi na dramu iliyogeuka bluu kwa moto, na mnipe pini ya kuzuia breki wakati wa kurudi nyuma. Imechorwa kwenye kitabu chenu lakini haikuwemo, na kwenye mchanga wa Kibirizi tela linajifunga kila ninaporudisha. Nawapa siku 14, baada ya hapo nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani. Mpira uliopasuliwa ninao, picha nimeambatanisha.

Tafadhali wapigieni leo wote mliowauzia matela ya shehena moja na langu, kabla hawajashuka mlima.

Wenu,
Mteja, Kibirizi – Kigoma