Shukrani kwa sista wa chumba cha vipimo
Sista wa ile kliniki ya juu ghorofani karibu na barabara ya Tom Mboya, Nairobi, jina sikuuliza, asante sana. Nilikuwa nimepanda hizo ngazi mara mbili nikarudi juu ya aibu, ukanikuta kwa korido ukaniita ndani kama mtu amekuja tu kupima presha. Hukuniuliza nilikuwa na nani, uliuliza tu ni lini, ukanieleza magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yanaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, na kipimo cha HIV nirudie baada ya miezi 3. Kaswende ndio ilipatikana. Hiyo sindano ya penisilini wueh, bado nakalia upande mmoja kwa matatu. Mpenzi wangu nimemwambia, anakuja Jumanne, tafadhali mpokee hivyo hivyo.