Dada, hiyo dawa bado iko kwa panya

Shikamoo dada. Simu zangu hupokei, basi nasema hapa hapa, wanao watakusomea.

Ile klipu ya tiba ya jeni ya uvimbe wa mshipa wa fahamu wa kusikia, huo ulio nao, uliyoirusha kwenye grupu la familia nimeitazama, nikaifuatilia. Si uongo. Watafiti wa Boston walichukua kirusi kisicho na madhara, wakakibebesha jeni inayozifanya seli zijiue, wakakidunga ndani ya uvimbe wa aina yako, na uvimbe ukanywea. Lakini ulikuwa umepandikizwa kwenye mishipa ya fahamu ya panya, dada. Wengine wanataka kurudisha jeni ya NF2, ile ya kromosomu ya 22 inayotengeneza merlini, protini inayozizuia seli za Schwann, zile zinazofunika mishipa ya fahamu, zisiote ovyo. Kazi nzuri, naiombea. Wewe umeacha kliniki kwa ajili yake.

Siku ya sendofu ya binti yako, pale uani Mbagala, nilipokuomba urudi kwa daktari, ulisimama umeshika ukuta, kizunguzungu kimekubana, ukasema shangazi wote wanasikia: "Unataka nipasuliwe kichwa nife, nyumba ya baba ibaki kwako." Wapishi wa pilau walinyamaza. Mimi, mjomba wa bi harusi! Mimi niliyeuza pikipiki upate kupigwa picha ya MRI! Nyumba iandikwe jina lako hata kesho, sitaki tofali. Ila neno lile halijanitoka.

Najua unaogopa uso kupinda. Una haki. Mshipa wa uso unapita ubavuni mwa ule wa kusikia, tundu moja la mfupa, na upasuaji unaweza kuujeruhi. Lakini nani alisema lazima kisu? Huu si saratani. Mara nyingi hukua milimita moja au mbili kwa mwaka, mwingine hutulia miaka. Ukiwa mdogo huachwa, unarudia MRI, wanalinganisha picha. Kuna na mionzi. Ila ukiachwa bila kuangaliwa, ukakua hadi kuligandamiza shina la ubongo, hapo uchaguzi unakwisha. Hilo ndilo nililotaka kusema siku ile, hukuniacha nimalize.

Jumatatu alfajiri nakuja na bajaji. Nitakaa kulia kwako, upande unaosikia. Kama hutaki kuongea na mimi, usiongee. Beba faili, picha za mwanzo na kadi ya bima.