Kikao cha albamu bora: Jumamosi, Kiponda

Assalaam alaykum wapenzi wa muziki,

Kikao cha kuchagua albamu tuipendayo kuliko zote ni Jumamosi hii, saa 10:30 jioni, baada ya swala ya Alasiri. Tumehamia barazani Kiponda. Forodhani kelele nyingi, hatutosikia ganuni wala udi.

1. Kila mtu alete albamu moja tu. Taarab, rege, bongo fleva, yoyote, lakini uwe umeisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho.
2. Mchango shilingi 3,000, wa kahawa na kashata. Apewe mshika fedha kabla ya Alkhamis usiku.
3. Mwenye spika ya kuchaji atwambie.

Mmeuliza kama rekodi za Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa zamani, zinahesabika kuwa albamu. Santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 zilibeba dakika 3 hivi kila upande, hazikuwa albamu. Mimi naomba tuzipokee kama mkusanyiko mmoja. Kumwacha Siti nje, tena hapa Unguja, moyo wangu haukubali. Anayepinga aseme mapema.

Tafadhalini, kila mmoja ajibu hapa "nipo" au "sipo", pamoja na jina la albamu yake, mwisho Alkhamis saa 2 usiku.