Barua kwa mwanangu: Bob wa Tofi na sheria ya watu watatu

Mwanangu Neema,

Marahaba. Rasimu ya makala yako ya gazeti la shule kuhusu Robert Smyth McColl, yule mshambuliaji wa Uskoti aliyeitwa Bob wa Tofi, nimeisoma yote. Umeandika vizuri, ila umeanza na namba na ukaishia kwenye namba: mechi 13 za timu ya taifa ya Uskoti, mabao 13. Halafu ukamlinganisha na mafowadi wa leo. Hapo ndipo ninapokukatalia. Mabao ya mwaka 1900 hayapimiki mpaka ujue sheria za mwaka 1900, kwa hiyo nakuandikia sheria kwanza, maisha yake yafuate.

Anza na kuotea. Enzi zake mshambuliaji alihesabiwa ameotea iwapo, mwenzake anapopiga pasi, yeye yuko mbele ya mpira na kati yake na mstari wa goli kuna wapinzani pungufu ya watatu. Leo wawili wanatosha. Tofauti ya mtu mmoja unaiona ndogo? Timu zilipangwa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Toa kipa, ambaye ni mmoja, maana yake mabeki wote wawili walitakiwa wawe kati yako na goli. Beki mmoja akipanda hatua mbili kabla pasi haijaondoka, umeshaotea, na mwenzake bado yuko nyuma kusafisha endapo mtego umekosea. Mabeki hawakuhatarisha kitu. Tena hadi 1907 uliweza kuotea hata ukiwa kwenye nusu yenu wenyewe, na hadi 1920 mpira wa kurusha nao haukukuokoa. Sheria ilipopunguzwa kuwa watu wawili mwaka 1925, mabao ya daraja la kwanza Uingereza yaliruka kutoka 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata, idadi ya timu na mechi ikiwa ile ile. McColl alicheza maisha yake yote upande mgumu wa mstari huo.

Fowadi alijinasua vipi? Kwa kukaa nyuma ya mpira. Ukiwa nyuma ya mpira wakati wa pasi huwezi kuotea, hata kama mbele yako hakuna mtu. Kwa hiyo winga alikokota mpira pembeni mpaka karibu na mstari wa goli, akaukata kurudi nyuma, na mshambuliaji wa kati akaingia kwa mbio kuukuta. Ukikimbia mapema unaupita mpira, umeotea. Ukichelewa, kiungo wa kati wa wapinzani ameshaupata. Fowadi mwenye kasi ndiye aliyenaswa zaidi, kwa sababu miguu yake ilimtangulia kabla ya pasi. Njia ya pili ilikuwa kupiga chenga mwenyewe ukiwa na mpira mguuni. Ndiyo maana pasi fupi za Uskoti, zilizoanza kujengeka kwa klabu ya Queen's Park ya Glasgow miaka ya 1870, zilikuwa na faida: kila pasi ya pembeni au ya nyuma ilikuwa salama.

Kipa naye hakuwa huyu unayemjua. Hadi 1912 aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja, lakini akiwa ameushika ulikuwa na haki ya kumsukuma kwa bega. Boksi la penalti kama lilivyo leo lilichorwa mwaka 1902. Kabla ya hapo kulikuwa na mstari wa yadi 12 kutoka golini, uliokatiza uwanja kutoka upande mmoja hadi wa pili, na faulo kubwa ndani yake ilizaa penalti. Mchezaji akiumia hakuna wa kumbadili, mnamalizia kumi.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, ndani una blada ya raba, mdomo wake umefungwa kwa kamba ya ngozi. Uzito haukutakiwa kuzidi wakia 15, kama gramu 425, lakini huo ni uzito wa mwanzo wa mechi. Ngozi inakunywa maji, na Glasgow hakukosekani mvua, hivyo kipindi cha pili mliupiga mpira mwingine kabisa. Anayeupiga kichwa na kukutana na ile kamba alijuta. Daluga zilifunika kifundo cha mguu na meno ya chini yalikuwa ya ngozi, yasizidi nusu inchi. Shuti la mbali kwa kiatu hicho, mpira ukiwa umelowa, lilihitaji nguvu ya paja, kukunja goti tu hakukutosha.

Sasa rudi kwenye namba zako. McColl alizaliwa Glasgow tarehe 7 Aprili 1876, akaanza kuichezea Queen's Park mwaka 1894 na timu ya taifa mwaka 1896. Machi 1899 aliifunga Wales mabao matatu kule Wrexham, Uskoti ikashinda 6-0. Siku saba baadaye akaifunga Ireland matatu tena, safari hii 9-1. Mechi ya kuisimulia, hata hivyo, ni ile ya 7 Aprili 1900 dhidi ya Uingereza kwenye uwanja wa Celtic, siku aliyotimiza miaka 24. Uskoti haikuvaa bluu. Ilivaa mistari ya njano mpauko na waridi, rangi za farasi wa mashindano wa Lord Rosebery, aliyewahi kuwa waziri mkuu. McColl alicheka na nyavu dakika ya kwanza tu, mwenzake Bell akaongeza, na hadi mapumziko ilikuwa 4-1, McColl akiwa na matatu na Steve Bloomer akiwa na lile moja la Uingereza. Kipindi cha pili hakikuzaa kitu. Kwenye rasimu umeiweka mechi hii sentensi moja. Mimi ningeipa aya nzima na kupunguza hayo majedwali.

Halafu kuna suala la pesa, ambalo umeliruka. Queen's Park ilikuwa klabu ya ridhaa na ilibaki hivyo hadi 2019. Kauli mbiu yake ya Kilatini inasema kucheza kwa ajili ya kucheza. Soka la kulipwa liliruhusiwa Uskoti mwaka 1893, mwaka mmoja kabla McColl hajaingia, kwa hiyo alicheza miaka saba bila mshahara akiwa amezungukwa na wanaolipwa. Mwaka 1901 akavuka kwenda Newcastle United, klabu ya Uingereza. Mwaka huo huo Uingereza iliweka ukomo wa mshahara wa mchezaji: pauni 4 kwa wiki, uwe nyota au uwe wa kawaida. Mwaka 1904 akarudi Glasgow, kwenye klabu ya Rangers. Newcastle ikatwaa ubingwa 1905, 1907 na 1909, yeye hayupo.

Mwaka 1907 alifanya jambo ambalo kwa klabu ile halikuzoeleka: alirejeshewa hadhi ya ridhaa, akarudi Queen's Park. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa 1908, dhidi ya Ireland, baada ya miaka sita ya kutoitwa. Msimu wake wa mwisho, 1910, aliifunga Port Glasgow Athletic mabao sita katika mechi moja akiwa na miaka zaidi ya 33. Hilo kwangu ni kubwa kuliko wastani wa bao moja kwa mechi.

Jina la Bob wa Tofi umelitaja bila kulieleza: tofi ni aina ya peremende, na jina lilitokana na biashara yake. Mwaka 1901, mwaka ule ule wa kwenda Newcastle, yeye na nduguye Tom walifungua duka la peremende Glasgow. Likaongezeka, yakawa maduka mengi ya peremende, sigara na magazeti yenye jina R.S. McColl mlangoni. Mwaka 1933 sehemu kubwa ya umiliki ikauzwa kwa Cadbury, kampuni ya chokoleti, na jina likaendelea kuonekana mitaani miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1959. Usiandike kwamba alifungua duka baada ya kutundika daluga, kama ulivyoandika. Duka na Newcastle ni vya mwaka mmoja, na mchezaji mwenye ukomo wa pauni 4 kwa wiki ana sababu ya kuwa na duka.

Marekebisho mengine mawili. Mabao ya mechi za kirafiki za klabu usiyajumlishe na ya ligi: Queen's Park haikuingia Ligi ya Uskoti hadi 1900, kwa hiyo miaka yake bora ya ujana haipo kabisa kwenye majedwali ya ligi. Na yule McColl wa picha uliyobandika ni Ian, wa Rangers, aliyeifundisha Uskoti miaka ya 1960. Itoe kabla mwalimu hajaiona.

Mama yako