Mwanangu, usimtie mtoto asali machoni

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima. Baba yako anakohoa kidogo lakini mwaloni anakwenda kama kawaida. Hofu na mashaka ni kwenu huko Tabora, na hofu yenyewe ni macho ya mume wangu mdogo, mjukuu wangu Idi.

Jambo hili ulilitaja kwa kupitia tu, katikati ya habari za kodi ya nyumba: eti siku hizi ikifika magharibi mtoto anajikwaa kwenye ndoo, anapapasa mlango, na ukimwekea chakula uani jua likishazama anatia mkono pembeni ya sahani. Ukaongeza kwamba mama mwenye nyumba amekupa kichupa cha asali ya nyuki wadogo, umtie matone machoni kila usiku kabla ya kulala. Mara simu ikakatika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaniitikia "ndiyo mama" huku unafanya yako.

Usimtie. Mama mwenye nyumba umshukuru kwa heshima zote, ni mtu mzima na amekupa kwa mapenzi, lakini kichupa ukiweke kabatini. Asali ya Tabora sifa zake nazijua, na mtoto wa miaka mitatu ailambe tu. Machoni hapana. Kile kichupa kimefunguliwa na mikono mingapi? Jicho la mtoto likikosa unyevu, kioo chake cha mbele huchubuka upesi. Uchafu kidogo ukiingia pale panakuwa kidonda, na kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe linaloziba mwanga. Wala usije ukaacha asali ukahamia maziwa ya mama, maji ya majani au chai ya rangi. Januari 2024 macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, Wizara ya Afya iliwaonya watu waache kujitia vitu machoni bila kupimwa. Wewe ni mwalimu, tangazo lile lilikufikia kabla yangu.

Nilimwendea muuguzi wa zahanati yetu nikamsimulia yote. Hakuniuliza habari za macho kwanza. Aliniuliza mtoto anakula nini, ameharisha lini, na kadi yake ya kliniki inasemaje. Akanieleza kwamba kuona kwenye gizagiza kunahitaji vitamini A, na ikipungua mwilini, mtoto mchana anakimbia na wenzake kama kawaida, magharibi anakuwa kipofu. Ndiyo dalili ya mwanzo. Ikiachwa, weupe wa jicho unakauka, haung'ai, na pembeni ya mboni panaweza kutokea doa jeupe kama povu la sabuni. Ikiachwa zaidi kioo cha jicho kinalainika na kutoboka, na hapo hakuna wa kukirudisha. Mwangalie mchana, jua likiwa zuri, akitazama kushoto na kulia. Ukiona doa lile, au jicho limefifia, usingoje mwisho wa mwezi wala mshahara, siku hiyo hiyo mpeleke.

Na hata usipoona doa, mpeleke wiki hii. Huko kujikwaa peke yake kunatosha. Wakithibitisha ni upungufu, wanampa dozi ya vitamini A siku hiyo, ya pili kesho yake, na ya tatu baada ya wiki mbili. Anameza. Unaona, mwanangu? Hata hospitali dawa yake inapita mdomoni. Zahanati wakishindwa watakuandikia uende hospitali ya Kitete.

Sasa hiyo kadi. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, mtoto akianza miezi sita mpaka atimize miaka mitano, na kampeni zake ni Juni na Desemba, pamoja na dawa za minyoo kwa waliotimiza mwaka. Matone hayo hukamuliwa kwenye kidonge: cha buluu ni cha walio chini ya mwaka, chekundu ni cha waliotimiza mwaka. Tangu mhamie huko amepata mara ngapi? Sikulaumu kwa kuhama, kazi ya serikali haimuulizi mtu. Lakini unafundisha watoto wa watu darasa zima na unajua nani hajaleta daftari, halafu kadi ya wa kwako imelala chini ya begi. Tazama pia chanjo ya surua, ile ya miezi tisa na ile ya miezi kumi na minane. Surua inamaliza vitamini A ya mtoto ghafla, na wengi walipoteza macho kwa njia hiyo kabla chanjo haijaenea.

Nije kwenye mawese. Uliniambia majirani wanalalamikia harufu, kwa hiyo unayachemsha mpaka yanakuwa meupe ndipo unakaangia. Niliumia kusikia hivyo. Ule wekundu ndio wenyewe! Ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unauua. Dhahabu yetu sisi huku Kigoma ni michikichi, na wewe unaunguza kile ambacho mwanao anakihitaji. Fanya hivi: pika maharage au mboga yako kwa mafuta yoyote, ukishaepua mchotee mtoto kwenye bakuli lake, umtilie kijiko kidogo cha mawese mabichi, ukoroge. Nyumba haitanuka. Usiyaweke kwenye chupa nyeupe dirishani, mwanga nao unayaharibu. Yakae kwenye dumu, gizani.

Michembe ya huko, vile viazi vya kukausha, ni mitamu, sikatai, ila ile ya viazi vyeupe inamshibisha tu. Tafuta viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, umchemshie umpondee. Matembele, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, vyote ni vyema, lakini visipotiwa mafuta kidogo havimfai sana, kwa sababu vitamini hii hubebwa na mafuta. Mboga za kukausha zianike kivulini, jua kali linakausha mpaka faida. Miembe ya Tabora imejaa mji mzima, msimu ukifika ale maembe yaliyoiva hadi achoke. Papai pia. Mara mojamoja mnunulie maini. Dagaa usimkate vichwa: ale mzima, na kichwa chake na tumbo lake, vitamini nyingi imo humo humo.

Ila nisije nikakupoteza. Chakula kinatibu kilichotokana na chakula. Kama mtoto anakodoa, anasogeza kitabu puani, au jicho linakwenda upande, karoti gunia zima halitamnyoosha, huyo anataka kupimwa na pengine miwani. Na ukimpiga picha kwa simu ukaona mboni moja nyekundu na nyingine nyeupe, mwanangu, kimbia. Ile picha ya Idi nimeitazama na mdogo wako akaikuza, mboni zote ziko sawa, alhamdulillahi.

Kuhusu tumbo lako. Kidonge cha mtoto usijaribu kumeza, hata kama nawe magharibi huoni vizuri. Mwambie mkunga, atajua la kufanya. Dozi kubwa ni hatari kwa mimba. Maini nayo usiyale kila siku, mboga na mawese yanakutosha. Mtoto akizaliwa Inshallah, yale maziwa ya kwanza ya njano usiyakamue ukamwaga kama wanavyoshauri wengine, ndiyo yenye vitamini nyingi. Na asali asilambishwe hata kidogo mpaka atimize mwaka.

Wanakusifu huku kwa kuwa mwalimu, nami nikipita sokoni naitwa mama mwalimu, najisikia vizuri. Ndiyo maana sitaki kusikia mwalimu ametia asali kwenye macho ya mtoto.

Mabati ya jikoni yamebadilishwa mawili, yaliyobaki yanangoja dagaa wapande bei. Shangazi yako bado anaidai ile shuka ya harusi, mtumie tu amani ipatikane. Mbuzi amezaa mapacha. Kwa treni ya Alhamisi nakutumia dumu la mawese na mfuko wa dagaa, mpokee abiria stesheni mapema, anaendelea na safari hadi Dodoma. Dagaa nimewapepeta, ila mchanga haukosekani, waoshe kwa maji ya vuguvugu. Dumu si letu, lirudishe kwa mtu yeyote anayekuja Kigoma, usiligeuze la maji.

Ukitoka zahanati nipigie, usiniandikie ujumbe. Msalimie baba Idi, na umwambie yeye ndiye ambebe mtoto mkienda, wewe tumbo limeshakuwa zito.

Mama yako