Malalamiko kuhusu safari ya Kaş, Uturuki: mmetuuzia vitu ambavyo havipo

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya familia yetu tuliosafiri na nyie kwenda Kaş, kule kusini mwa Uturuki kwenye bahari ya Mediterania, na naandika nikiwa na uchungu kwasababu hii safari tulimchangia mama yetu, mwalimu mstaafu wa historia, watoto wote tukawa tunaweka hela kidogo kidogo mpaka ikatimia. Nimeshapiga sana simu ofisini kwenu, kila nikipiga naambiwa tutakupigia, hajapiga mtu. Sasa naweka kwa maandishi.

Kaş penyewe pazuri, sina neno na mji wala na watu wake. Hoteli ilikuwa safi, chakula kizuri, jioni tulikaa kwenye lile jumba la maonyesho la mawe la enzi za Wagiriki tukaangalia jua linazama baharini, hatukulipa hata senti na wala halikuwa kwenye ratiba yenu. Shida ni vile mlivyotuuzia.

Nianze na kisiwa cha Kekova maana ndo kilichofanya tulipe. Tangazo lenu lina picha ya watu wanaogelea na maneno makubwa kwamba utaogelea juu ya mji uliozama. Basi tumefika kijiji cha Üçağız asubuhi, watoto wameshavaa malaifujaketi, wanarukaruka kwa furaha, mwongozaji wa kayaki, kijana wa palepale, anatuambia kabla hatujapiga hata kasia moja kwamba kwenye magofu hakuna kuogelea wala kuzamia, ni marufuku, eneo lote lile linalindwa na serikali tangu 1990. Nikamuonyesha tangazo lenu kwenye simu. Akalisoma mpaka mwisho akanirudishia simu akasema hii picha sio ya hapa.

Na tulivyopita nikaelewa kwanini wanazuia. Ngazi zimechongwa kwenye mwamba zinashuka hivyo hivyo mpaka zinaingia majini, kuta za nyumba zimebaki nusu, ukichungulia chini maji yalivyo maangavu unaona vipande vya mitungi ya kale vimelala. Huo mji ulididimia kwa matetemeko ya ardhi karne ya 2 na bado upo, sasa watu wakiachiwa wakanyage na kuokota kila siku utabaki kweli? Kwahiyo sheria yao naiunga mkono kabisa. Ninachodai ni kwamba mmetutoza hela ya ziada kwa kitu ambacho nchi yenyewe imekataza, na kwenye risiti mmeandika wazi "kuogelea magofuni".

Ya pili ni hiyo siku ya Ugiriki. Ni kweli kisiwa cha Meis, ambacho Wagiriki wanakiita Kastellorizo, unakiona kwa macho ukiwa bandarini Kaş, feri haichukui hata saa zima. Lakini ni Ugiriki ile, inataka viza ya Ulaya ya Schengen, na sisi tuna pasi za Tanzania ambazo kopi zake mlikuwa nazo nyie tangu siku tunalipa! Yule dada wa tiketi akafungua pasi ya mama ukurasa kwa ukurasa akitafuta viza, akarudia tena toka mwanzo, halafu akatuuliza kwa upole kama tunayo nyingine. Mama akaona aibu mbele za watu kana kwamba alitaka kuvuka kwa ujanja. Alafu kibaya zaidi, viza zetu za Uturuki zilikuwa za kuingia mara moja tu, maana yake hata kama Wagiriki wangetuonea huruma tungekwama kurudi hotelini. Hivi mngetuacha kwenye kisiwa na mama mwenye presha, mngefanyaje? Hilo swali naomba mlijibu.

Rafting, yaani kushuka mtoni kwa boti la mpira, ya Köprülü Canyon sitasema mengi, ile iko ng'ambo ya pili ya mji wa Antalya, ni masaa na masaa barabarani toka Kaş, na nyie mmeandika asubuhi rafting mchana kupumzika ufukweni. Dereva alicheka akasema haiwezekani, ikafutwa, hela hamjarudisha. Na ufukwe wa Kaputaş mlioandika "unafaa kwa wazee" unashuka ngazi zaidi ya 180, mama ana magoti mabovu, na hilo niliwaambia.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni mji wa kale wa Patara. Mama alikuwa anaisubiri Patara toka tuko nyumbani. Pale ndo palikuwa na bunge la muungano wa miji ya Likia, nchi ya kale ya kule kusini mwa Uturuki, na Strabo, mwandishi wa Kigiriki wa kale, ameandika kwamba miji 23 ilikuwa inapiga kura, mikubwa kura tatu, ya kati mbili, midogo moja, na jengo lenyewe limekarabatiwa unaingia unakaa kwenye mabenchi ya mawe. Amefundisha uraia na historia maisha yake yote, alitaka kukaa pale. Njia ya kwenda ufukweni inapita katikati ya magofu, tiketi ni hiyo hiyo moja tuliyoikata getini, na basi letu likapita lile lango la Kirumi lenye matao matatu bila hata kupunguza mwendo. Mama akagonga kioo kumuomba dereva asimame. Dereva akatuonyesha karatasi yenu: Patara, ufukwe, saa moja na nusu. Hakuna magofu. Tuliyopewa sisi wakati tunalipa imeandikwa "ufukwe na magofu", zote mbili nimewaambatanishia mzilinganishe.

Tunachotaka: mturudishie hela yote ya kuogelea magofuni, ya Meis, na ya rafting, pamoja na nusu ya gharama ya siku ya Patara. Ile picha muitoe kwenye tangazo leo, sio wiki ijayo, kuna familia nyingine sasa hivi inaangalia hiyo picha inapiga hesabu. Na mama apewe barua ya kuombwa radhi, iandikwe kwa jina lake.

Nawapa siku 14. Msipojibu kwa maandishi napeleka hizi karatasi zote Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
kwa niaba ya familia, Dar es Salaam